Kiatu Kisichouma

Mama yake Fundi aliingia duka la dobi kwa mlango wa nyuma, ule wanaopitishia mafurushi, saa ambayo wafanyakazi wote wamekwenda kula na chumba cha pasi kimebaki na mtu mmoja tu. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, mkoba ameubana kwapani, shingo imepakwa poda, akaangaza huku na huku kama mtu aliyekuja kununua nyumba na tayari ameshauona ufa.

Aliyebaki ndani alikuwa yule wanayemwita Mvuke. Jina hilo alipewa na Fundi mwenyewe, yule mshona viatu, siku ya kwanza kabisa, alipoleta koti la marehemu baba yake lifuliwe, akamwona mwanamke mrefu anachomoza katikati ya ukungu wa pasi, jasho linameta juu ya mdomo. Akamwuliza, "Dada, wewe ni mtu au ni mvuke?" Naye akamjibu bila kuinua macho, "Ningekuwa mvuke ningeshakuunguza. Weka koti lako hapo uende." Fundi akaliweka koti, lakini kwenda hakwenda. Jina likaganda, na yeye naye akaganda, mpaka wakafika kwenye habari za harusi, nayo ilikuwa mwezi ujao.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Wenzangu wamekwenda kula."

"Na wewe huli?"

"Sijasikia njaa."

Mama Fundi alimtazama kuanzia mabegani, akashuka kiunoni, akashuka mpaka chini. "Ndiyo," akasema. "Naona."

Mezani palikuwa na rundo la shuka za nyumba ya wageni, nyeupe, pana, zile za kitanda cha watu wawili. Shuka ya namna hiyo haikunjwi na mtu mmoja. Ukijitia ujuzi ukaikunja peke yako, ncha zitaburura sakafuni na itabidi irudi kwenye beseni. Mvuke alikuwa anamsubiri mwenzake arudi. Mama Fundi aliuweka mkoba juu ya kiti, akapandisha mikono ya gauni, akashika ncha mbili bila kuombwa. Huyu mama alikuwa mpishi wa shule miaka na miaka, na kusimama bure penye kazi hakukuweza.

"Shika huko," akasema.

Mvuke akashika. Wakaachana hatua kadhaa, wakaivuta shuka ikanyooka kati yao kama meza ya sherehe.

"Dada yako alikuja kwangu jana jioni."

Shuka ikalegea.

"Vuta, usilegeze. Alikuja mbio, viatu vyake mkononi, kilio mdomoni. Anasema ameona anijulishe mimi mzazi kwanza, watu wasije wakasema mlificha. Nikampa kiti, nikampa maji, nikamsikiliza." Wakasogeleana kuziunganisha ncha, na vidole vyao vikagusana. Vya Mama vilikuwa vya moto. "Anasema ni saratani. Ya ngozi. Imeanzia kisiginoni, ikapanda kwenye mtoki, sasa hivi iko mapafuni imekaa. Ni kweli, au dada yako anatafuta namna ya kukubakiza nyumbani umwoshee vyombo?"

"Ni kweli, Mama."

"Basi." Mama akaichukua shuka iliyokunjwa, akaipigapiga ikae sawa, akaiweka pembeni. "Lete nyingine."

Wakashika ya pili. Mvuke alihisi kile kikohozi kinamjia, kile kikavu kisichotoa kitu, akakimeza. Kwa miezi kadhaa watu wa pale walikuwa wanasema ni mvuke wa pasi, ni sabuni kali, ni yale maji ya kutoa madoa. Bosi alimnunulia kitambaa cha kufunga puani. Na yeye alikubali, kwa sababu jina lake lenyewe Mvuke, ikawa kichekesho: Mvuke amepaliwa na mvuke.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema Mama, "unijibu kama mtu mzima. Wewe ulitaka mwanangu aoe, au azike?"

"Mama..."

"Jibu. Maana nguo ni tofauti, na chakula ni tofauti, nijue napika kipi."

Mvuke akasawazisha ncha za shuka.

"Mimi nilimwambia tangu mwanzo. Nikamwambia, mwanangu, huyu amekuzidi umri. Akaniambia, Mama, umri haupimwi kwa tepu. Nikamwambia, huyu kazi yake ni kusimama kwenye joto kutwa nzima, atachakaa upesi. Akaniambia, nitamkalisha. Kila neno lina jibu, mtoto huyo, utadhani amezaliwa na wakili. Sasa hili la mapafu analijibuje?"

"Hajui bado. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia."

"Najua hajui. Angejua asingekuwa anapiga mluzi nyumbani kwangu tangu asubuhi."

Walisogeleana tena. Safari hii Mama hakuachia ncha mara moja. Alibaki pale pale, uso kwa uso, mpaka Mvuke akaona jinsi poda ilivyojikusanya kwenye mikunjo ya shingo.

"Nataka umwache," akasema Mama. "Leo. Kwa mdomo wako. Mwambie umepata mwingine. Mwambie humtaki, mwambie ananuka gundi, chagua mwenyewe, wewe si mjinga. Lakini habari ya mapafu asiisikie mpaka awe ameshakuchukia. Akishakuchukia itamwingia kidogo."

"Na nikifa?"

"Ukifa atasikia. Atasikitika kama watu wengine wanavyosikitika."

Mvuke alidhani alikuwa ameshaumia kiasi cha kutosha wiki ile. Kumbe palikuwa na nafasi nyingine imebaki, ndogo, na yule mama alikuwa ameipata bila kuitafuta sana.

"Mimi nampenda, Mama."

"Nani alisema humpendi? Hata kupe anampenda ng'ombe." Akaiweka shuka juu ya mwenzake. "Ungempenda ungesema mapema. Doa haliji mara moja. Dada yako anasema una mwaka na nusu unatembea nalo. Mwaka na nusu! Kipele kikinitoka mimi mgongoni, nisipopaona, kesho yake niko kwa daktari. Wewe unalo kisiginoni, unalikanyaga kila siku, hukwenda. Kwa nini hukwenda? Nitakwambia kwa nini. Ulijua ni kitu kibaya. Ukasema, ngoja kwanza nivishwe pete, ngoja nipate mtu wa kuniuguza. Wewe ni mwongo. Umemtega mwanangu kama panya."

Ni hilo neno mwongo. Neno kupe alilivumilia. Umri alikuwa amezoea kuusikia. Lakini mwongo lilimfika mahali alipokuwa amekiweka kile kitu, kitu ambacho hakumwambia hata dada yake, na alikuwa amekusudia kuondoka nacho duniani.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila hilo hutaelewa alichokifanya.

Doa lilianza kama punje ya mtama, jeusi, kwenye nyama nyeupe ya kisigino cha kulia. Yeye hakuliona. Nani anautazama unyayo wake? Aliyeliona kwanza ni Fundi. Jioni moja alimkalisha kwenye kigoda cha karakana yake, akamvua kiatu cha plastiki cha kazini, akauweka mguu wake juu ya karatasi auchore kwa penseli ampimie kiatu cha ngozi. Alikishika kile kisigino kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Mvuke alimtazama utosini, alipoinama, nywele zina vumbi la ngozi iliyopigwa msasa, akatamani karatasi isiishe, mguu usiishe.

"Una kidoa hapa," Fundi akasema. "Kinauma?"

"Nikisimama sana, kama kuna kokoto."

"Kokoto nitaitoa."

Kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo. Aliyemfundisha ushonaji alimkaririsha jambo moja, kwamba mguu hauambiwi ubadilike, kinachokatwa ni kiatu. Mwenye kidole kilichopinda anaachiwa nafasi ya kidole. Mwenye mguu mfupi anaongezewa kisigino. Basi Fundi akachukua soli ya ndani, akapima, akachonga kishimo kidogo palepale litakapokaa doa, akakisugua kwa kipande cha chupa mpaka kikawa laini kama ndani ya kijiko. Mvuke akavaa, akasimama. Kokoto haipo. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akacheka, na siku hiyo ndiyo Fundi alimwambia anataka kumwoa.

Baada ya muda doa likawa kama kifungo cha shati. Likaanza kuuma tena. Fundi akashona jozi ya pili, kishimo kipana zaidi. Likawa kama kifungo cha koti, likinyanyuka kingo, likitoa maji. Fundi akashona ya tatu, akatandika pamba na ngozi ya kondoo. Kila mara maumivu yaliporudi, yeye aliyafukuza. Ulipotoka mtoki kwenye kinena Mvuke aliukanda kwa kitambaa alichokipasha kwa pasi, kwa sababu kila mtu anajua mguu ukiwa na kidonda mtoki hutoka. Alisimama kutwa nzima katika viatu vile bila kuchechemea, na wenzake wakamwonea wivu.

Mpaka akaanza kukohoa, na siku moja pumzi ikamkata akiwa na pasi mkononi, akaunguza pazia la mteja.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alimaliza kumweleza yote, na alieleza kwa upole, bila kuzungukazunguka. Halafu akauliza, "Ulisimamaje mwaka na nusu juu ya kitu kama hiki? Watu wanakuja hapa wanabebwa." Mvuke akamwonyesha kiatu. Daktari akakichukua, akatia dole gumba ndani, akalizungusha kwenye kile kishimo, taratibu.

"Nani amechonga?"

"Mchumba wangu."

Daktari akatoa kidole. "Ana mkono mzuri," akasema. Akakirudisha kiatu sakafuni, akakipanga sambamba na mwenzake. "Lilipokuwa kama punje tungelikata ukaenda zako nyumbani. Kiatu kibaya kingekuleta hapa mapema."

Ndicho kitu alichokuwa nacho. Sasa mbele yake alisimama yule mama na mikono iliyopandishwa, akisubiri, mdomo umekunjwa kwa ushindi.

Mvuke akakaa juu ya furushi la nguo chafu. Akavua kiatu cha kulia. Akamnyooshea Mama.

"Shika, Mama."

"Nishike nini? Kiatu chako?"

"Tia kidole ndani. Hapo nyuma."

Mama alitia kidole kwa kinyaa, kama anayekagua chungu cha mtu mwingine. Kidole kikaingia, kikazama, kikatulia.

"Uliniuliza kwa nini sikwenda," akasema Mvuke. "Sikwenda kwa sababu halikuuma. Na halikuuma kwa sababu ya hicho. Kila lilipotaka kuuma mwanao alichimba. Alichimba mara tatu, Mama. Daktari ametia kidole kama wewe hivyo, akaniambia kiatu kibaya kingenipeleka kwake mapema. Sasa niambie, nani alimtega nani."

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakilia.  Mama Fundi alikitazama kiatu, halafu akatazama chini, miguuni pake mwenyewe. Na yeye alikuwa amevaa viatu vya mwanawe. Upande wa kushoto, penye kifundo cha dole gumba kilichovimba kwa uzee, ngozi ilikuwa imetanuliwa kwa ustadi, duara safi, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akitembea sokoni na kanisani akiwaonyesha watu: mtazame mwanangu alivyonifanyia mama yake.

"Anajua?" Sauti ilikuwa imebadilika.

"Hajui."

"Dada yako?"

"Hajui. Ni daktari, na mimi, na sasa wewe."

Mama akakiweka kiatu mezani juu ya shuka safi, akaona kimegusa nguo, akakitoa, akakosa pa kukiweka, akabaki nacho kifuani. Halafu yule mwanamke aliyeingia bila hodi akapiga magoti. Alishuka kwa shida, akishika mguu wa meza.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, usimwambie."

"Sasa hivi nilikuwa kupe."

"Nimekosa. Nipige, nitukane. Usimwambie. Humjui yule kama ninavyomjua mimi. Akiwa mdogo alimkanyaga kifaranga kwa bahati mbaya, hakula mpaka nikadhani nitamzika. Akilijua hili hatashika kisu tena. Hataishi. Nakuomba. Wewe... wewe ndiyo imeshakuwa, Mungu anajua. Yeye amebaki. Niachie huyo mmoja."

Mvuke alimtazama pale chini. Alitamani aone huruma. Aliitafuta kweli, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, maana alikuwa mtu wa huruma maisha yake yote. Hakuipata. Alichokipata kilikuwa kitu kingine, kigumu na baridi, na kilimkaa mkononi vizuri.

"Ulisema nichague," akasema. "Nimechagua. Nitanyamaza."

"Mungu akuba..."

"Ngoja. Sijamaliza. Harusi iko palepale."

Mama akainua uso.

"Iko palepale, na utakuja kunichukua wewe mwenyewe, unishike mkono mbele ya watu wote, na utaniita mwanangu, kama ulivyoniita sasa hivi. Utazoea. Nitakuja kukaa kwako. Nikikohoa, anayeshika beseni ni wewe. Dada yangu amechoka, amenilea tangu mama yetu afariki, amechoka. Kunigeuza kitandani ni wewe. Na siku utakaponitazama tena kwa lile jicho uliloingia nalo, nitamkalisha Fundi kwenye kigoda chake, nikitie kidole chake kwenye kishimo, nimwambie."

"Wewe ni mkatili."

"Nimejifunza leo. Simama, Mama, shuka zimebaki."

Mama Fundi akasimama, akamrudishia Mvuke kiatu, Mvuke akakivaa. Mama akashika ncha. Wakakunja ya tatu, wakakunja ya nne, wakiachana na kusogeleana, wakiachana na kusogeleana. Mtu angepita dirishani angesema, tazama mkwe na mama mkwe wanavyopendeza.

Mluzi ukasikika uani.

Fundi alikuwa na tabia hiyo ya kupiga mluzi usio na wimbo, unaopanda na kushuka kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Aliingia na mfuko wa karatasi, aproni ya ngozi haijavuliwa, penseli sikioni. Alipomwona mama yake mluzi ukakatika.

"Mama? Umefikaje huku?" Akamtazama Mvuke upesi, macho yakiuliza kama kuna mtu ameumia. "Kuna nini?"

Mvuke hakumsaidia. Alimwachia Mama.

"Nimekuja..." Mama akaiinua ncha ya shuka. "Nimekuja kumsaidia mwanangu kukunja shuka."

Ungeuona uso wa Fundi. Mwaka na nusu alikuwa amelisubiri neno hilo, alilisubiri asubuhi na jioni. Aliweka mfuko chini, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka. "Rudia! Mama, rudia nisikie. Umemwitaje?"

"Mwanangu."

"Mvuke, umesikia? Umemfanya nini mama yangu? Umempiga pasi?"

"Kidogo," akasema Mvuke. "Alikuwa na mikunjo."

Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Mvuke akampa muda acheke. Alikitazama kile kicheko, meno yale, lile kovu la kisu kwenye kidole cha shahada, alikitazama kama mtu anayetazama nyumba yake kabla ya kufunga mlango. Halafu akasema, "Fundi, kaa. Nina neno."

Akamwambia. Hakuficha, ila kile kimoja. Akasema saratani, akasema mapafu. Kila neno lilimshusha Fundi kidogo, mpaka akawa amekaa sakafuni, mgongo ameegemeza kwenye furushi.

"Watakata?"

"Hapakatiki tena. Kuna dawa watanipa, za kupunguza."

"Kupunguza nini?"

"Mwendo wake."

Akalia. Alilia kwa sauti, kama wanaume wanavyolia wasipozoea. Mvuke alikuwa amemshika kichwa, na juu ya kichwa kile aliona macho ya Mama, yamekauka, hayapepesi, yanasubiri. Wote wawili walijua kinachokuja. Kikaja.

"Kutoka kwenye lile doa?"

"Ndiyo."

"Lile la kisiginoni?" Fundi aliinua uso. Ulikuwa umelowa na ulikuwa unaanza kuelewa, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. "Mimi nililiona. Nililiona kabla yako. Likiwa dogo hivi. Mvuke, mimi ningesema nenda hospitali. Mimi nikasema... nikasema kokoto. Mimi nikachukua kisu nika..."

Mama Fundi alishika ukingo wa meza.

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu. Hata neno halikuhitajika, angenyamaza tu ingetosha, ukimya ungemaliza kazi. Mvuke alijua hilo, na kwa kitambo kifupi, lazima isemwe, alilitamani. Kwa nini abebe peke yake? Si alisema anampenda?

"Daktari ameniambia lilikuwa limeshapanda zamani," akasema. "Kabla hujalipima. Kabla hata hujaleta koti la baba. Lilipoonekana nje lilikuwa limeshamaliza ndani."

"Hata ningekupeleka siku ile?"

"Ingekuwa hivihivi."

"Amesema?"

"Amesema."

Fundi akavuta pumzi, ndefu, mpaka ndani kabisa ya kifua, pumzi ambayo Mvuke hakuwa nayo tena. Akaitoa. Akaufuta uso kwa aproni, aproni ikamwacha na mstari wa rangi shavuni.

"Basi," akasema, sauti imepasuka. "Basi angalau viatu vyangu vilikupunguzia."

"Vilinipunguzia."

"Mama, umesikia? Angalau hakuteseka kusimama. Nimemfanyia hicho kimoja."

"Nimesikia, baba," akasema Mama Fundi. "Ahsante kwa niaba yake." Machozi yalimtoka ghafla, mengi, yakachora njia kwenye poda, na mwanawe akanyoosha mkono akamshika kwa huruma, akidhani analia kwa ajili ya mkwe.

Kukaa bure Fundi hakukuweza, alikuwa amemrithi mama yake. Mikono ilitafuta kazi. Akauvuta ule mfuko wa karatasi, akatoa viatu vya harusi, vyeupe, vya ngozi laini, mshono mdogo kama wa mashine. "Nilikuwa nimekuja ujaribu," akasema. "Utavivaa, hata kama ni kwa saa moja. Utavivaa?"

"Nitavivaa. Mama atanifunga vifungo."

Mama akapiga magoti kwa mara ya pili siku ile. Akauchukua mguu wa kulia wa Mvuke mapajani pake, akamvua kiatu, akauona ule unyayo kwa macho yake, kitu cheusi kilichovimba kingo kama kinywa. Akageuza uso. Halafu akakumbuka habari ya jicho, akaurudisha. Akavisha kiatu, akafunga kifungo.

"Simama," Fundi akamwambia. "Panauma?"

Mvuke akasimama. Palichoma mpaka gotini, moto mtupu. Doa lilikuwa limekua tangu kupimwa mara ya mwisho.

"Kidogo," akasema.

"Vua, vua. Hilo si tatizo." Fundi alikuwa ameshatoa kisu kifupi mfukoni mwa aproni, kile chenye mpini uliozungushiwa kitambaa. Akakaa chini ya dirisha penye mwanga, akakiweka kiatu cheupe katikati ya magoti, akaanza kuchimba. Kr, kr, kr. Vipande vyembamba vya ngozi vilidondoka miguuni pake. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka, lakini mkono ulikuwa umetulia, haukutetemeka hata kidogo, na baada ya muda mfupi, bila yeye mwenyewe kujua, ule mluzi ukarudi, chini chini, ukitafuta ufunguo.

Wale wanawake wawili walikaa bega kwa bega juu ya furushi la nguo chafu, wakisikiliza kisu. Mvuke alianza kukohoa. Mama Fundi akavuta beseni kwa mguu, akalishika chini ya kidevu chake.

Fundi akainua kiatu kwenye mwanga, akapuliza vumbi, akakitazama kishimo kwa jicho moja.

"Panatosha?" akauliza.

Mvuke akafuta mdomo. Akamgeukia Mama, akamtazama machoni muda mrefu.

"Ongeza kidogo, Fundi," akasema.